Vituo vya Njiani: Historia ya Safari ya Familia kutoka Pwani hadi Kirumba

Kirumba ni kata ya Wilaya ya Ilemela katika Jiji la Mwanza, iliyokaa ukingoni mwa Ziwa Victoria kaskazini mwa katikati ya mji, mahali ambapo nyumba zimebanana kati ya vilima vya mawe na maji. Walio mbali huifahamu kwa uwanja wa mpira wa CCM Kirumba na kwa soko la samaki la Mwaloni, lakini kwa familia nyingi zilizotawanywa na ajira, masomo na ndoa hadi Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Dodoma, Kirumba ni nyumbani, yaani mahali ambapo safari ya likizo, ya harusi au ya msiba huishia. Kutoka pwani hadi hapo ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara na zaidi ya 1,200 kwa reli, na tangu enzi ya misafara ya wapagazi hadi hii ya mabasi hakuna familia iliyoumaliza umbali huo kwa njia ya nchi kavu bila kusimama. Wanaoandika historia ya usafiri wa Tanzania wamezoea kueleza njia: reli ilifika wapi mwaka gani, lami ilimwagwa lini, meli ipi ilizinduliwa na nani. Msafiri mwenye watoto, hata hivyo, huijua nchi kwa vituo vyake kuliko kwa njia yake, na swali la nani aliyeamua kwamba watu wapumzike hapa na si pale limekuwa na jibu lake katika kila enzi, jibu ambalo linaonyesha wazi safari hiyo ilikuwa mikononi mwa nani.

Katika karne ya 19 mwamuzi mkuu wa kituo alikuwa maji. Njia kuu ya kati ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo na viunga vyake, na kutoka hapo njia ya kaskazini ilielekea Usukuma hadi ziwani. Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Kazeh, karibu na Tabora, baada ya siku 134, na nyingi kati ya siku hizo hazikuwa za kutembea bali za kukaa: kusubiri chakula kinunuliwe, wagonjwa wapate nafuu, wapagazi wapatikane, au mtemi aridhike na hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru uliotambulika wa kupita katika nchi ya mtu. Mwaka uliofuata Speke alimwacha Burton mgonjwa, akatoka Kazeh tarehe 9 Julai na kufika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Siku hizo 25 zilikuwa nyepesi kuliko zile za Ugogo, kwa sababu Usukuma ilikuwa na vijiji vilivyokaribiana na chakula cha kununua, na pale ambapo kuna kijiji hapahitajiki kambi ya porini.

Kipande kilichoogopwa na wote kilikuwa pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako visima vilikuwa mbali kimoja na kingine na wakazi wachache. Hapo msafara ulilazimika kufanya terekeza, yaani kuondoka kambini alasiri jua lingali kali, kila mtu akiwa amejaza kibuyu chake, kulala mahali pasipo na maji, kisha kuamka kabla ya alfajiri ili kuwahi kisima kinachofuata kabla joto la siku ya pili halijawamaliza watu. Terekeza ilikuwa njia ya kuugawa ukame kati ya siku mbili ili usimwelemee mtu kwa siku moja, na ujuzi wa kuipanga ulikuwa wa kiongozi wa msafara, mzee aliyepita njia hiyo mara nyingi na aliyejua kisima gani hukauka mwezi gani. Kambi zenyewe zilikuwa vibanda vya nyasi na matawi vilivyozungushiwa boma la miiba, na msafara ulipoondoka uliviacha vibanda hivyo vitumiwe na utakaofuata.

Misafara hiyo haikuwa ya wanaume peke yao, ingawa vitabu vya wasafiri wa Ulaya huligusa jambo hili kwa mbali. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, frasila moja ikiwa kama kilo 16, na juu ya mzigo huo wa tajiri palikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake, yaani chakula au kitambaa cha kununulia chakula. Mpagazi wa Kinyamwezi au Kisukuma aliyesafiri na mke wake alipata mtu wa kusaidiana naye mzigo huo wa pili, na kwa hiyo ndoa ilikuwa sehemu ya uchumi wa njia. Wanawake walibeba vyungu, vibuyu na watoto, walinunua nafaka kwa wanawake wenzao vijijini, na jioni ndio waliofanya boma la miiba liwe mahali pa kulala na kula. Mtoto aliyezaliwa njiani alikuwa jambo la kawaida, si kioja. Wakati wa kurudi, wengi wao wakiwa wakulima waliotaka kuwahi mvua na kilimo, mwendo uliongezeka, na mizigo ya tajiri ilichanganyika na mali yao wenyewe: merikani, ambacho ni kitambaa cheupe cha pamba kutoka Marekani, kaniki iliyotiwa nili, shanga na waya wa shaba. Hizo ndizo zawadi zilizosubiriwa nyumbani, na desturi ya kutorudi mikono mitupu haikuanzishwa na treni wala basi.

Wajerumani walianzisha kituo chao cha utawala Mwanza mwaka 1892, lakini kilichobadilisha safari ya watu wa huko kilitoka upande wa pili wa ziwa. Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka iliyofuata meli za mvuke kama Winifred, Sybil na Clement Hill zilianza kuzunguka bandari za ziwa zima, za Waingereza na za Wajerumani pia. Ghafla njia fupi ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ikawa ile iliyoonekana ndefu kwenye ramani: meli hadi Kisumu, treni hadi Mombasa, kisha meli ya baharini kushuka pwani. Karani, askari au mfanyabiashara aliyehamisha mke na watoto alipita katika koloni la watu wengine ili kufika makao makuu ya koloni lake, na pamba na ngozi za Usukuma zilifuata njia hiyohiyo. Vituo vyake vilikuwa magati na stesheni, na aliyeviamua alikuwa mwenye reli wa Mombasa. Hali hii ya Mwanza kuifikia pwani yake kwa kupitia Kenya ilijirudia miongo mingi baadaye kwa sababu nyingine, na marudio hayo ni miongoni mwa mambo yasiyotazamwa ipasavyo katika historia ya kanda ya ziwa.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mwanza pembeni. Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, Waingereza wakaiteka Mwanza Julai 1916, na tawi la kutoka Tabora, lenye urefu wa karibu kilomita 380, likakamilika chini ya utawala wao mwaka 1928. Tangu hapo familia iliyopanda treni Dar es Salaam iliweza kushuka Mwanza bila kugusa bahari wala nchi ya jirani, katika safari iliyochukua siku moja na nusu hadi mbili mambo yakienda vizuri.

Inafaa kukaa kidogo kwenye treni hiyo, kwa sababu hakuna chombo kilichoilea desturi ya safari ya familia kuliko hicho. Reli ilipita karibu na njia ya misafara kwa sehemu kubwa, ikakata Ugogo na kuingia katika mapori yaleyale ya Mgunda Mkali, ambako sasa ziko Manyoni na Itigi, na injini ya mvuke, sawa na mpagazi, haikuweza kwenda mbali bila maji. Umbali kati ya stesheni ulipimwa kwa mahitaji ya injini kabla ya mahitaji ya watu, kisha watu wakazunguka stesheni, wakalima, wakapika, na baada ya muda stesheni ikawa mji wenye chakula chake. Kila kituo kikapata sifa yake: zabibu za Dodoma, asali ya Itigi na Tabora, na zaidi ya vyote chakula cha Saranda, stesheni iliyo baada ya Bahi katika eneo la ukingo wa Bonde la Ufa, ambako abiria walishuka kula wali, ugali na kuku walioandaliwa na wanawake waliokuwa wakiisubiri treni hiyo. Mama aliyesafiri na watoto wadogo hakuhitaji kushuka. Alinyoosha mkono dirishani, akapokea chakula, akalipa, na mara nyingine chenji ilimfikia treni ikiwa imeshaanza kusogea, muuzaji akikimbia sambamba na behewa.

Mpangilio wa mabehewa nao uliigusa familia moja kwa moja. Daraja la pili lilikuwa na vyumba vya vitanda sita, na utaratibu ulikuwa kwamba wanaume walale vyumba vyao na wanawake vyao, watoto wadogo wakifuatana na mama, isipokuwa familia iliponunua vitanda vyote sita na kukifanya chumba kizima kuwa chake. Baba, mama na watoto wanne walitosha kabisa katika chumba hicho, lakini familia ndogo zaidi ilipaswa ama kulipia kitanda kitupu ama kugawanyika usiku, baba akija asubuhi kugonga mlango wa chumba cha wanawake kuuliza hali ya watoto. Daraja la tatu halikuwa na ubaguzi huo kwa kuwa halikuwa na vitanda. Huko watoto walilala sakafuni juu ya khanga kati ya mizigo, na wazazi wakakesha kwa zamu. Katika maandishi ya utawala madaraja hayo yanahusu nauli, lakini kwa waliosafiri nayo yalihusu nani analala karibu na nani.

Tabora ilikuwa kituo kirefu kuliko vyote. Treni moja kutoka Dar es Salaam ilibeba mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na, baada ya tawi la Mpanda kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ya huko pia, na hapo ndipo yalipokatwa na kuunganishwa upya, kazi iliyochukua saa nyingi. Abiria walishuka, wakaoga, wakafua nepi, wakatafuta ndugu wa mjini, na waliokuwa wamezoeana tangu Morogoro wakaagana, huyu akielekea Kigoma na yule Mwanza. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara karne moja kabla, na mgawanyiko wa njia haukuhama. Kilichohama ni mwamuzi, kutoka kwa kiongozi wa msafara hadi kwa mkuu wa stesheni.

Baada ya uhuru treni hiyo ilipata abiria wa aina mpya, nao ni watumishi wa umma. Serikali iliwapangia walimu, wauguzi, askari na makarani kazi mbali na makwao, kwa sehemu ili kuwachanganya watu wa taifa jipya, na ikawajibika kuwarudisha kwao likizo. Kanuni za utumishi zilimpa mtumishi haki ya kulipiwa nauli ya kwenda nyumbani mara moja kila baada ya miaka miwili, yeye, mwenzi wake na watoto au wategemezi wasiozidi wanne, na hati ya nauli hiyo, iliyoitwa waranti, ilibadilishwa dirishani kwa tiketi. Kwa utaratibu huo jina la mahali kama Kirumba liliandikwa katika jalada la mtumishi siku ya kwanza ya ajira kama mahali anapotoka, na likabaki humo hata kama alikaa Mtwara miaka 30. Ofisi iliamua familia ina watu wangapi kwa hesabu ya nauli, na mtoto wa tano, au mpwa anayelelewa, alisafiri kwa fedha za mfukoni. Hata hivyo ni haki kusema kwamba waranti iliwafanya watoto wengi waliozaliwa mbali wawafahamu babu na bibi zao, na kwamba bila hiyo mshahara wa mwalimu usingewatosha kuvuka nchi na watoto wote.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikaunda Shirika la Reli lake, lililoanza kazi likiwa na upungufu wa injini, vipuri na baadaye mafuta. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huohuo hadi 1983. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kuzoea kuzunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, ilibaki upande wa Tanzania, na kazi yake kubwa ikawa kati ya Mwanza na Bukoba. Treni ilizidi kuchelewa, na katika miaka ya 1990 familia nyingi zilianza kuiacha na kupanda mabasi, ingawa barabara haikuwa tayari kuyapokea.

Hapa ndipo marudio yaliyotajwa, ya Mwanza kuifikia pwani kwa kupitia Kenya, yanapoonekana. Barabara ya kati kupitia Dodoma, Singida na Nzega ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na pale ambapo mteremko wa mlima Sekenke unaishia katika mbuga ya Wembere, eneo ambalo Wajerumani walichimba dhahabu iliyotumika kutengeneza sarafu za Tabora mwaka 1916, malori na mabasi yalinasa kwa siku kadhaa wakati wa masika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na reli kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mabasi mengi ya Mwanza na Dar es Salaam yalizunguka Kenya: Magu, Bunda, Tarime na Sirari, kisha Kisii na Nairobi, halafu Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe na Chalinze. Familia ya Kitanzania inayotoka mji mmoja wa Tanzania kwenda mwingine ilisimama mbele ya madirisha manne ya uhamiaji, la kutoka na la kuingia Sirari, la kutoka na la kuingia Namanga, na katika kila dirisha watoto walihesabiwa upya, vyeti vikaonyeshwa, na basi zima likamsubiri yule ambaye karatasi zake zilikuwa na kasoro. Mwamuzi wa kituo sasa alikuwa mpaka. Mabasi mengine, hasa ya Mwanza na Arusha, yalikata katikati ya Hifadhi ya Serengeti na kupanda ukingo wa Ngorongoro, na watoto wa Kirumba waliwaona nyumbu na pundamilia kupitia vioo vya basi lililokatazwa kushusha abiria ovyo, katika nchi ambayo wageni walisafiri kutoka mabara mengine ili kuiona.

Katika muongo wa kwanza wa karne hii lami ilisonga kutoka Dodoma hadi Singida, Nzega na Shinyanga, na safari ikarudi ndani ya nchi. Lakini mwamuzi mpya alikuwa ameshaingia, naye ni sheria. Baada ya ajali nyingi za miaka ya 1990 Serikali ilikuwa imezuia mabasi ya abiria kusafiri usiku wa manane, na kwa safari ya kilomita zaidi ya 1,100 maana yake ilikuwa kwamba kila basi linaloondoka saa 12 alfajiri lilishindana na saa ili lifike kabla ya kuzuiwa, na lililoharibika njiani lililala popote lilipokutwa na saa sita usiku. Usiku huo abiria walilala kwenye viti, au waliokuwa na fedha wakatafuta nyumba ya wageni karibu na stendi, na akina mama wakatandika khanga chini kwa ajili ya watoto. Ulinganifu na kambi ya wapagazi unakuja wenyewe, isipokuwa kwamba wapagazi walilala karibu na maji kwa kuchagua, na abiria wa basi walilala pale ambapo kanuni iliwakuta.

Mchana vituo vilikuwa vifupi na vilipangwa na dereva. Kimoja kilikuwa cha chakula, katika hoteli ya njiani ambayo mwenye basi alikuwa na makubaliano nayo, kwa muda ambao konda aliutangaza kuwa dakika 15 au 20 na ambao mama mwenye watoto watatu hakuweza kuwalisha wote. Vingine vilikuwa vya kuchimba dawa, kama abiria wa Tanzania wanavyoita kwa staha kusimama kichakani ili watu wajisaidie, wanaume upande mmoja wa barabara na wanawake upande mwingine. Kwa wazee na wajawazito vituo hivyo vilikuwa fedheha halisi, na wengi walijizuia kunywa maji siku nzima ya joto ili kuviepuka. Kuongezeka kwa vituo vyenye vyoo safi kando ya barabara hiyo ni maendeleo makubwa kuliko yanavyosifiwa, na yangepaswa kuja kabla ya lami, si baada yake. Dirishani mwa basi biashara ya reli iliendelea kwa sura nyingine, wauzaji wakiinua beseni na fimbo zenye mifuko hadi usawa wa vioo: kuku na mafuta ya alizeti Singida, karanga na mayai, vitunguu na asali, na kila familia iliyosafiri mara kwa mara ilijua kitu gani kinunuliwe wapi ili kisiharibike kabla ya kufika.

Kwa watu wa ng'ambo ya ziwa, Mwanza yenyewe ilikuwa kituo tu. Familia za Bukoba na Muleba zilizotoka pwani zilishuka kwenye treni au basi, zikalala kwa jamaa Kirumba, Mabatini au Igogo, kisha zikapanda meli ya usiku. Ndiyo sababu msiba wa MV Bukoba haukuwa wa upande mmoja wa ziwa. Meli hiyo iliyojengwa mwaka 1979 iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikasimama Kemondo na kupakia watu zaidi na mizigo, na asubuhi ya tarehe 21, ikikaribia Mwanza, ilipinduka na kuzama. Watu zaidi ya 800 walifariki, na kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, familia nzima zilizopanda pamoja zilipotea bila maandishi yoyote ya kuonyesha nani alikuwa na nani. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji. Miongo iliyofuata imeona kanuni za kuandika majina na kuhesabu abiria, na hata hivyo tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kikitoka Bugolora, kikaua watu 228. Katika ajali zote mbili chombo kilikuwa kimezidiwa, na katika zote mbili wengi walikuwa watu wanaorudi nyumbani.

Kirumba inachukua nafasi yake katika safari hizi kwa sababu ya Mwaloni. Mwalo, katika kanda ya ziwa, ni ufuko unaopokea mitumbwi na samaki, na ule wa Kirumba umekua hadi kuwa soko ambalo wanunuzi wake hutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Kupandwa kwa sangara ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 kulipunguza furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku cha kaya za ufukoni, na kuanzia miaka ya 1980 biashara ya Mwaloni ikaegemea dagaa waliokaushwa juani na kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, kutiwa chumvi na kukaushwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri gizani, hivyo mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika na bei sokoni hupanda. Familia inayojiandaa kurudi Dar es Salaam baada ya likizo hulijua jambo hilo, na mama mwenye nyumba hununua gunia lake wakati wa giza hata kama safari iko wiki mbili mbele. Dagaa huchekechwa kuondoa mchanga, hujazwa kwenye viroba na kushonwa mdomo. Sato hubanikwa au hukaangwa hadi wakauke. Wabichi, kwa wenye uwezo, huwekwa kwenye deli lenye barafu. Makondakta huwakagua samaki hao kwa makini, kwa kuwa maji ya samaki yakivuja ndani ya buti huharibu mizigo ya wengine, na mabishano juu ya kiroba kimoja yanaweza kuchelewesha basi. Mzigo huo ukifika Dar es Salaam hugawanywa kwa majirani na wafanyakazi wenza, na kiasi alichopewa kila mmoja husema mengi juu ya uhusiano wao.

Kasi sasa inavifuta vituo kimoja baada ya kingine. Katazo la usiku liliondolewa mwaka 2023, na basi la jioni kutoka Dar es Salaam hupita Dodoma watoto wakiwa wamelala. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na foleni ya pantoni iliyozilaza familia za Geita, Sengerema na Kagera kando ya maji ikaisha. Faida ya haya haina ubishi kwa mwenye mgonjwa au anayesafirisha maiti, na anayeililia foleni ya Kigongo hakuwahi kukaa humo na mtoto mwenye homa. Hasara yake iko kwa wanawake wa Saranda na wa kila kituo kilichokuwa kikiishi kwa kusimama kwa wengine, ambao hakuna mpango wa ujenzi uliowahi kuwataja kama sehemu ya reli au barabara, ingawa kwa karibu miaka 100 wao ndio waliowalisha abiria.

Ufukweni Kirumba bado kuna familia ambazo safari yao haijakwisha. Boti za mbao zinazoenda visiwani hupakia sukari, unga, mabati na watu kwa pamoja, na anayeelekea kisiwa kidogo ng'ambo ya Ukerewe, akiwa amesafiri usiku kucha kutoka pwani, hushusha mizigo Mwaloni na kumuuliza mwenye boti ataondoka saa ngapi. Jibu hutegemea upepo wa siku hiyo na mizigo iliyopatikana, na kama boti haiondoki, familia hulala Kirumba kwa jamaa hadi kesho yake.